Dada Alipochemsha Udongo

Dada yangu alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba kimoja cha hospitali, na kazi yake ilikuwa kuua. Msishtuke, aliua vijidudu. Chumba chenyewe kiko nyuma ya ukumbi wa upasuaji, hakina dirisha, na ndani mna mashine ya mvuke yenye mlango mzito unaokazwa kwa usukani. Mikasi, visu, koleo na mashuka ya madaktari huingia humo vikiwa na uchafu wa kila namna, na hutoka bila hata kidudu kimoja cha kutoa ushahidi. Wauguzi walimwita Bibi Mvuke. Mlangoni palichorwa mstari mwekundu, na siku mganga mkuu mwenyewe alipouvuka na viatu vya nje, dada alimrudisha nyuma akabadilishe. Mganga mkuu akarudi, akabadilisha.

Mimi ni mdogo wake, tumbo moja. Nina miaka hamsini na miwili na bado ananiita "we mtoto". Ni fundi cherehani, naishi kwao, na cherehani yangu iko kwenye kibaraza kinachotazama kitalu. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyaokota kwa majirani. Niliyaona kwa macho yangu, sindano mkononi, na mara mbili nilijidunga kwa kucheka.

Kitalu ni cha shemeji, mume wa dada. Anaotesha miche ya misonobari, kazi aliyofundishwa ujanani alipokuwa kibarua wa bwana miti mmoja mkali sana. Ni mtu wa maneno machache na kucha nyeusi. Kila jioni alipotoka kitaluni alikuta beseni, sabuni na brashi mlangoni, na hakuingia ndani mpaka akaguliwe mikono, mbele na nyuma. Watu huuliza ndoa ya mtu wa mvuke na mtu wa matope imedumu vipi. Jibu ni rahisi: dada alikuwa zamu za usiku. Walikuwa wakipishana kwenye beseni, mmoja anaingia, mwingine anatoka, na hakukuwa na nafasi ya kugombana.

Kisha dada akastaafu, nyumba ikawa na wote wawili mchana kutwa.

Mwezi wa pili wa kustaafu kwake, shemeji alipanda ngazi kutengeneza kivuli cha kitalu. Dada alikuwa ameshamwambia ngazi ile imeoza. Shemeji akaanguka, akavunjika mguu karibu na nyonga. Dada alilia njia nzima, na walipofika hospitalini akafuta machozi na kumwambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nadhani hakuna aliyewahi kuitumia methali hiyo kwa usahihi kuliko yeye siku ile.

Wakati anaanguka, shemeji alikuwa ameshasia mbegu. Zahanati iliyo karibu nasi imejengwa chini ya mteremko mkali uliobaki kipara, na mvua kubwa za mwaka uliotangulia zilishusha udongo mpaka ndani ya wodi ya kina mama. Shemeji aliahidi miche mia nne ya kuushika mteremko ule. Daktari alipomwambia guu lile halitachuchumaa tena, aliitazama dari. Halafu akaniambia mimi, "Shemeji, hiyo ndiyo miche yangu ya mwisho. Ikishatoka salama, nafunga kitalu. Naomba uiangalie wewe."

Aliniambia mimi, na dada amesimama pale pale pembeni ya kitanda.

Dada alimnyooshea mgonjwa shuka, akatoka. Tulipofika nyumbani akasema, "We mtoto, endelea na vifungo vyako. Miche ya mume wangu nitailea mwenyewe." Najua alichokuwa anakitaka, na hata asingeniambia baadaye ningekijua. Miaka yote ile walikuwa wakipishana mlangoni. Alitaka mumewe akirudi aikute kazi yake ya mwisho inang'aa, na ajue nani aliyeing'arisha. Anampenda sana yule mtu. Shida ya dada ni kwamba anajua kupenda kwa njia moja tu, nayo ina mvuke.

Siku ya kwanza aliingia kitaluni na koti lake jeupe la kazi. Akaosha makopo, akaosha majembe, akaosha mpira wa kumwagilia kwa ndani, jambo ambalo sijui hata linafanywaje. Kwenye kibanda akakuta gunia la shemeji. Gunia hilo nalijua. Kila mwaka shemeji hulijaza udongo wa chini ya misonobari mikongwe iliyo nyuma ya kiwanda cha mbao, kisha huchanganya konzi mbili tatu kwenye kila toroli la udongo wa miche. Dada akalifungua. Ndani mlikuwa na majani yaliyooza, utando mweupe wa ukungu, uyoga mmoja uliolegea, na jongoo anayetembea zake bila wasiwasi. Alilifunga haraka, akaliburuta nje ya uzio, akalimwagia mafuta ya taa na kulichoma.

"Dada," nilimwambia, "shemeji anakithamini sana kile kitu."

"Shemeji yako aliithamini na ile ngazi," akasema.

Kisha akaugeukia udongo wenyewe. Alikuwa amesikia kwamba udongo una magonjwa yanayoiua miche ikiwa bado michanga, na ni kweli yapo. Dada alikata pipa, akaweka maji chini, wavu katikati, udongo juu, akafunika kwa magunia na kuwasha moto. Akachemsha udongo. Alikuwa amebaki na utepe wa hospitali, ule unaotoa mistari myeusi joto likishatosha, akabandika kipande kwenye pipa. Pipa si mashine, hivyo mistari ilikataa kutokea, na kila ilipokataa dada aliongeza kuni. Kila pipa lilikaa motoni saa tatu, siku tisa mfululizo. Mteja wangu mmoja aliyekuja kupimwa gauni aliuliza kinachopikwa ni nini. Nikamwambia ni udongo. Akakumbuka ana haraka, akaondoka bila kupimwa.

Udongo ulipopoa, dada aliujaza kwenye viriba, ile mifuko myembamba ya plastiki ya kuoteshea, akahamishia miche humo, mche mmoja mmoja, kwa mkono mwepesi wa mtu aliyezoea kushika vitu vya madaktari. Kitalu kikawa wodi. Langoni akafunga kamba nyekundu. Mgeni hakuingia mpaka avae mifuko ya plastiki juu ya viatu. Kuku wa jirani aliyekatiza bila ruhusa alifukuzwa, na nyayo zake zikamwagiwa dawa moja baada ya nyingine. Asubuhi na jioni dada alipita na daftari akiandika: safu ya kwanza, hali nzuri, safu ya pili, hali nzuri, safu ya tatu, mmoja ameinama, aangaliwe.

Shemeji alirudi baada ya wiki tano, plasta mpaka kiunoni na magongo mawili. Alisimama nje ya kamba akatazama. Kila kiriba kilikuwa kwenye mstari, hakuna jani lililoanguka, hakuna gugu.

"Pamependeza," akasema. Dada akatabasamu mpaka jino la mwisho. "Na gunia langu liko wapi?"

"Nimelichoma."

"Umelichoma?"

"Gunia na vilivyomo. Lilikuwa limejaa kuvu, Baba Watoto. Kuvu!"

"Ile ndiyo chachu ya miche."

"Chachu ni ya mkate. Mimi nimekaa miaka thelathini na mmoja—"

"Najua ulipokaa. Na udongo umeutoa wapi?"

"Ni huu huu wa kwako. Ila nimeuchemsha."

Shemeji akanigeukia mimi, maana ndimi niliyekabidhiwa. Nikavaa miwani ya mbao, nikawa nalitazama paa. "Haya," akasema, "tutaona." Akaingia ndani, gongo moja baada ya jingine, na tangu siku hiyo hawakusemezana.

Sasa nyumba ya watu watatu, wawili wakinuniana, wa tatu anageuka simu. "Shemeji, mwambie dada yako chai haina sukari." Na dada, aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye kikombe, "Mwambie sukari iko mbele ya pua yake." Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi yenyewe ilikuwa na sare arobaini za shule za kumaliza.

Mwanzoni miche ilionekana sawa. Halafu ikasimama. Haikufa wala haikukua, ikabaki urefu wa kidole. Majani yakawa manjano, kisha ncha zikaanza kuingia rangi ya zambarau. Udongo nao ulikuwa na visa vyake, ukiumwagia maji yanasimama juu yakikutazama, na ukikauka unakuwa tofali.

"Mwambie dada yako miche ina njaa," shemeji aliniambia.

"Mwambie nimeipa mbolea jana," dada akajibu. Akaipa tena, mara mbili ya kipimo. Ncha zikaungua.

Kila asubuhi shemeji alijikokota hadi dirishani, akasimama kwa mguu mmoja akiihesabu safu kwa safu, midomo ikimchezacheza. Halafu alirudi kitandani, akageukia ukutani. Na siku moja nilimkuta dada amekaa kwenye kigoda, ana bakuli la maji na pamba, anafuta majani ya msonobari moja baada ya jingine. Majani ya msonobari ni sindano. Sikucheka siku hiyo, kwa sababu alipofika jani la mwisho alirudi la kwanza. Wote wawili walikuwa wanaumia kwa jambo moja, huyu chumbani, yule uani, na ukuta mmoja tu katikati. Nikaacha sare zangu nikaenda kumwita bibi shamba.

Alikuja na pikipiki, msichana mdogo tu, buti zake zimeganda matope ya mashamba kumi. Dada alimpa mifuko ya plastiki langoni. Akaivaa kwa heshima zote, akaingia akichakarisha. Akachukua kiriba kimoja, akakichana kwa wembe, akakung'uta udongo na kuunyanyua mche juu kwenye mwanga.

"Mama, umeiosha hii mizizi?"

"Hapana," dada akasema. Kisha, kwa fahari kidogo, "Ila udongo wake niliuchemsha."

"Kwa muda gani?"

"Saa tatu."

Bibi shamba akatafuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Mama, tazama. Mzizi uko uchi. Msonobari hauwezi kujilisha vizuri peke yake, unahitaji kuvu."

"Kuvu," dada alirudia, taratibu, akidhani labda amesikia vibaya.

"Kuvu wa mizizini. Wanazivika ncha za mizizi, halafu wanatandaza nyuzi zao udongoni, nyembamba kabisa, zinaingia mahali ambapo mzizi hauwezi kupenya. Wanauletea mti maji na chakula cha ardhini. Mti nao unawalipa sukari, ile inayotengenezwa na majani. Na si kuvu tu. Kuna bakteria wanaoozesha majani makavu yakawa chakula, na gundi yao pamoja na zile nyuzi ndiyo inayofanya udongo ukae chenga chenga, maji yapite na hewa ipite. Ndiyo maana udongo wako umekuwa tofali. Konzi moja ya udongo hai, Mama, ina viumbe wengi kuliko watu wote duniani."

"Na wabaya je? Wanaoua miche?"

"Wamo, lakini wachache. Na mara nyingi wale wema ndio wanaowabana wasizidi."

Dada alizitazama safu zake. "Kwa hiyo mimi..."

"Uliwamaliza, Mama. Wabaya na wema. Ulifanya kazi nzuri sana, hukubakiza hata mmoja."

Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa kwa kazi yake, na aliipokea akiwa ameshika tama.

Mimi nilielewa upesi, maana hayo ni mambo ya uzi. Kitambaa kizuri bila uzi ni matambara tu. Niliuliza dawa yake. Bibi shamba akasema tukachukue udongo wa chini ya misonobari mikongwe, tuweke konzi moja juu ya kila kiriba na kumwagilia. "Mkifanya sasa, miche itainuka kabla ya mvua. Mkichelewa mwezi mmoja, zahanati watafute kwingine."

Alipoondoka, dada alinishika mkono. "Usimwambie shemeji yako." Kuchoma gunia la mtu ni jambo moja, lakini kwenda kulitafuta tena mbele ya macho yake ni jambo lingine kabisa.

Tukaenda wawili. Dada alivaa glavu, barakoa na koti, akabeba ndoo yenye kifuniko iliyosuguliwa mara tatu. Mlinzi wa kiwanda cha mbao alitupokea kwa hofu. "Mgonjwa yuko wapi?" akauliza. Tulipomweleza tunataka udongo, alitupisha, nadhani ili tusimguse. Dada aliuchota kwa kijiko kirefu cha kupakulia, uso ukiwa ameugeuza pembeni, na kila alipoona utando mweupe alifumba macho. Ndoo moja ilituchukua saa nzima. Lakini ilijaa, na njiani kurudi alikuwa anaimba chini chini.

Nilimwacha uani, nikarudi kwenye kola niliyoiacha nusu. Baada ya muda nikasikia harufu ya moshi. Nikainua kichwa. Pipa lilikuwa juu ya moto, ndoo iko tupu pembeni.

"Dada! Unafanya nini?"

"Kidogo tu," akasema bila kugeuka. "Dakika kumi. Niwatoe wale wabaya tu."

"Dada, mvuke hauchagui!"

Aligeuka akanitazama. Kisha akalitazama pipa. Akatazama saa ya mkononi, akanitazama tena, na nikaona jambo lenyewe likimwingia polepole. Akakaa chini. Hakutafuta kigoda wala gazeti, alikaa juu ya udongo na koti lake jeupe.

"We mtoto," akasema, "mikono imefanya yenyewe."

Nilikuwa na mizaha kama sita hivi mdomoni, nikaimeza yote. Ndipo aliponisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Mwaka wake wa kwanza kazini, siku moja mashine haikupata joto, naye alivitoa vyombo hivyo hivyo kwa sababu daktari alikuwa anavisubiri. Hakuna aliyekufa. Lakini mama mmoja alilala wodini miezi miwili kwa kidonda kisichofunga, na dada alipita mlangoni kwake kila siku. Mama yule alikuwa akimsalimia, hajui. "Tangu hapo," akasema, "nisichokiona nakiogopa. Siwezi kukiacha hai."

"Nenda kamwambie shemeji," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umeupika."

"Sijawahi kumwambia nimekosea. Tangu atoe mahari."

"Dada, maji ukishayavulia nguo sharti uyaoge. Miche hii uliitaka mwenyewe."

Akasimama, akaingia ndani bila kujikung'uta. Mimi nilimfuata hadi karibu na mlango. Sikuwa najificha, nilikuwa napima pazia.

"Baba Watoto," nikamsikia.

"Naam." Lilikuwa neno lao la kwanza kwa wiki saba.

"Nimeiharibu miche yako."

Kitanda kikalia kidogo.

"Leo nimeenda kuleta ule udongo wa kiwandani. Nimerudi nikaupika tena."

"Umeupika tena?"

"Dakika kumi."

Nilisikia sauti nikadhani shemeji analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta, akawa anapiga kelele, "Mguu, jamani, mguu!" na bado anacheka.

"Usicheke," dada akasema. "Nilitaka uikute nzuri. Nilitaka siku moja tu uone hata mimi naweza kushika kazi yako."

Kicheko kikakoma.

"Mama," shemeji akasema, "mimi nilijua dawa yake tangu siku ya kwanza nikanyamaza. Ningeweza kukueleza taratibu mpaka ukaelewa. Nilitaka unijie ukisema nimeshinda. Miche imekaa na njaa wiki saba ili mimi nishinde." Akapumua. "Sasa nimeshinda, na wala haina raha yoyote."

"Basi twende wote. Mimi nikiachwa na moto siaminiki."

Tulikwenda na toroli. Dada aliliosha kwanza, siwezi kuwaficha, kisha akatandika blanketi, tukampakia shemeji mguu wa plasta ukitangulia mbele. Dada akasukuma, mimi nikabeba magongo na magunia. Mlinzi alipotuona alitikisa kichwa kwa huruma. "Kumbe mgonjwa ndiye huyu," akasema.

Chini ya misonobari shemeji alikuwa mtu mwingine. Alikaa wima kwenye toroli akaelekeza kwa gongo. "Si hapo, hapo pamekauka. Nenda kwenye ule ulioinama. Ondoa majani ya juu, yaweke pembeni, tutayarudisha. Na vua glavu."

Dada akaitazama mikono yake.

"Vua. Utajuaje kama kuna ubaridi? Utajuaje kama unamung'unyika?"

Alizivua, kidole kimoja kimoja. Akapiga moyo konde, akaingiza mkono hadi kwenye kifundo, macho kayafumba. Mimi nikafungua mdomo wa gunia. Akatoa konzi ya udongo mweusi, nyuzi nyeupe zimepita katikati yake, akaisogeza puani kwa hadhari.

"Wamo humu?" akauliza.

"Wamo."

"Mbona siwaoni?"

"Kwani wale wa kwenye mikasi uliwaona?"

Dada akafikiri. Kisha akaingiza mikono yote miwili.

Siku tatu tulipita kwenye viriba, konzi moja moja, tukamwagilia. Kamba nyekundu ikatolewa. Kuku wa jirani alirudi kukatiza, mara ya kwanza kwa mashaka. Dada aliendelea na daftari lake, maana mtu haachi vyote kwa siku moja, ila sasa aliandika mambo mengine: safu ya kwanza, bado wageni hawajazoea, safu ya pili, kuna dalili. Miche themanini na kitu haikuwahi kupona. Ile iliyobaki haikuonyesha lolote kwa wiki tano, na kila asubuhi wote wawili walikuwa dirishani, bega kwa bega, roho juu.

Wiki ya sita kijani kikaanza kupanda kutoka chini. Dada alikichana kiriba kimoja kwa wembe, akakung'uta. Ncha za mizizi zilikuwa zimevimba na kugawanyika mbili mbili, kila moja imevalishwa soksi nyeupe. Aliita kwa sauti iliyofika kiwandani, "Baba Watoto! Njoo uone! Mizizi imeota kuvu!" Majirani waliosikia walitoka kuja kutupa pole.

Mvua zilipokaribia, lori la zahanati likaja. Muuguzi mkuu wao alishuka na vijana wa kupakia, akapita kwenye safu akiishika miche kwenye ncha. Ilikuwa mia tatu na kumi na minne, imefika shibiri moja na nusu, imara. Shemeji alikuwa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha mbele. Plasta ilikuwa imetolewa, lakini guu lile, kama daktari alivyosema, halikukunjika. Dada alikuwa amepiga magoti chini, akipanga viriba kwenye kreti.

"Mzee, tunakushukuru sana," muuguzi mkuu akasema. "Ila mteremko ni mkubwa, mwakani tutahitaji mingine. Na tumesikia hii ndiyo ya mwisho, kwamba unafunga kitalu."

Niliacha kushona. Shemeji aliitazama miche ikipanda garini, mmoja baada ya mwingine, mpaka kreti ile ikaisha.

"Mimi nimeshamaliza," akasema. "Muulizeni mwenye kitalu." Akainua gongo, akamwelekezea dada.

Bibi Mvuke, aliyemrudisha mganga mkuu mlangoni, alichukua viriba viwili. Aliinama zaidi. Akawa anapanga viriba viwili vile vile, anavitoa, anavirudisha, anavitoa tena. Muuguzi mkuu alisubiri. Mwishowe dada akajifuta macho kwa mkono wake ule ule wa kazi, akabaki na mchirizi wa matope kutoka shavu hadi sikio, na wala hakujishughulisha nao.

"Mnataka mingapi?" akauliza.

"Mia sita, Mama."

"Basi mniambie mapema," akasema. "Udongo wa mia sita nitauchimba kwa mikono, na hiyo ni kazi ya siku mbili."